Praima Iliyokataa Kona ya Mzee

Hajazaliwa mtu wa kunidanganya mimi, Apolonia wa Katoro. Marehemu mume wangu alikuwa amekwisha kuzaliwa tulipokutana, kwa hiyo huyo simhesabu. Aliniapia mbele ya padri kwamba hatumii ugoro, nami nikafua leso zake maisha yetu yote ya ndoa nikiamini ule ukahawia ni vumbi la machimboni.

Lakini tangu tumzike, macho yangu yamefunguka. Siku hizi hata mtu akiniamkia shikamoo, naitazama kwanza mikono yake ndipo naitikia marahaba.

Kwa hiyo mjukuu wangu Blessing alipoletewa mchumba, nilikaa macho. Nasema aliletewa, kumbe alijiletea mwenyewe. Kijana anaitwa Maduhu, kwao Kishapu, na kazi yake ni kulaza vigae sakafuni, au tailizi kama mafundi wanavyoita. Baba yake Blessing, mwanangu Masalu, yuko Nkome, mwaloni kwa wavuvi, na mitumbwi yake. Maneno ya posa ameniachia mimi. "Mama, wewe ndiye unayewajua watu," aliniambia kwenye simu. Nilijua anakwepa kazi, ila sifa niliipokea.

Zamani mkwe alipimwa shambani. Alikuja na jembe lake, akalima kwa wakwe, na wazee wakakaa wakiutazama mgongo wake. Mimi shamba sina tena. Pale nilipolima mihogo pamejengwa gesti. Nilichobaki nacho ni sebule, na sakafu yake ni niru nyekundu, ile saruji ya kusugua mpaka ing'ae. Niliipaka nta kila Jumamosi tangu Masalu anatambaa, mpaka wageni wakawa wanaingia kwa kushikana mikono wasiteleze.

Nikamwita Maduhu nikamwonyesha sebule.

"Nilazie vigae hapa," nikamwambia. "Vikishakauka nitapita na fimbo yangu, nigonge kimoja kimoja. Kigae kilichoshika hulia kifupi, ko! Kisichoshika hulia kama mtungi mtupu. Nikisikia mtungi hata mmoja, urudi Kishapu ukaoe huko huko."

Blessing alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama hewani.

"Bibi! Unikoseshe mume kwa ajili ya kigae?"

"Asiyeweza kushikisha kigae na sakafu, nyumba ataishikishaje?"

Maduhu hakucheka, wala hakununa. "Nimekubali, Bibi," akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Mtu mkweli angenung'unika kidogo.

Akasema kabla ya vigae kunatakiwa praima, dawa ya kupaka sakafuni ili gundi ya vigae ipate pa kushika. Nikamwambia vizuri, tutakwenda kuinunua wote. Akasema Bibi usijisumbue na jua. Nikavaa viatu.

Duka tulilokwenda ni la Tahera, hapo barabara ya Ushirombo. Babu yake Mhindi alikuja Shinyanga kuuza chumvi na vitenge, na yeye Tahera Kisukuma chake ni safi kuliko cha Blessing. Mimi namwita Mama Riyaz kwa jina la mwanawe.

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo," akaniamkia kutoka nyuma ya makopo ya rangi. "Leo umekuja na mlinzi?"

"Marahaba. Mlinzi ni mimi. Anayelindwa ndiye huyu."

Maduhu akasema anataka praima. Tahera akamuuliza ya kupaka wapi. Nikaingilia kati.

"Praima si praima tu? Au nayo ina makabila?"

"Inayo, Mama Masalu, tena mengine hayaoani." Akaweka ndoo mbili juu ya meza. "Niambie, sakafu yako inakunywa maji au hainywi?"

"Sakafu yangu ni Mkatoliki, Mama Riyaz. Inakunywa chochote."

Akacheka mpaka ushungi ukamtoka kichwani. Lakini Maduhu akajibu kama yuko mahakamani: "Hainywi, Mama. Ni niru, tena imepakwa nta miaka mingi."

"Basi hii siyo," akasema Tahera, akaisukuma kando ndoo ya kwanza. Dawa yake ilikuwa nyepesi kama maziwa ya mchuuzi. "Hii ni ya ukuta wa plasta na sakafu ya saruji iliyo ghafi. Ile saruji ina kiu. Usipoipa hii, inanyonya maji yote ya gundi, na gundi inabaki unga. Lakini kwenye niru hii haina pa kuingia. Itakaukia juu juu kama utando wa maziwa, na kigae chako kitashika utando, hakitashika sakafu."

Akafungua ndoo ya pili. Hiyo ilikuwa nzito, na alipoikoroga kwa kijiti nikasikia mchanga unakwaruza. Akanipa kipande cha kigae cheupe alichokipaka dawa hiyo zamani, kikakauka. "Pitisha mkono."

Nikapitisha. Nimekulia na ng'ombe, najua ndama akikulamba kiganja unajisikiaje. Kipande kile kilikuwa ulimi mtupu wa ng'ombe.

"Mchanga huo ndio meno yake," akasema Tahera. "Sakafu ikiwa laini, praima lazima ije na meno yake yenyewe."

"Na ile nyepesi ndiyo ya bei rahisi?"

"Ndiyo."

"Nanyi wawili mmenichagulia ya ghali."

Wakatazamana. Nami nikaona wanavyotazamana.

"Bibi," akasema Maduhu, "hata hii nzito haitafaa kama nta haijatoka yote. Haina urafiki na mafuta kabisa. Nitakwangua kwanza, nioshe, nipime, ndipo nipake."

"Maneno mazuri," nikasema. "Hata marehemu alikuwa nayo."

Ndoo niliipakata mwenyewe kwenye bodaboda mpaka nyumbani. Najua mji wangu. Katoro wanachakachua dizeli, wanachakachua asali, na nimesikia kuna mtu alichakachua maji ya baraka. Nikaiweka ndoo chini ya kitanda changu, nikafunga kifuniko kwa kipande cha kanga, fundo langu mimi ambalo hata Blessing halijui. Praima ile isingeguswa mpaka niifungue kwa mkono wangu.

Siku Maduhu alipoanza kukwangua ndiyo siku wifi yangu Klara alipofika kutoka Nkome na gunia la dagaa, amekuja kungojea mambo ya posa ya Blessing. Klara ni mdogo wa marehemu. Parokiani kwao ni mwenyekiti wa akina mama, na rozari haimtoki shingoni hata akioga. Akisikia mtu ametambikia wazee wake anasimama jumuiyani na kumtaja kwa jina. Mama mmoja aliyekutwa na hirizi kwenye mkoba, Klara alimsema mpaka akahamia kanisa lingine.

Akaingia sebuleni, akaona maboksi ya vigae, akaona kigoda cha kaka yake kimetolewa nje. Akashika kiuno.

"Wifi, tailizi ni za makaburi. Nenda makaburini uone, kila mwenye uwezo amelazwa chini yake. Leo unamzika kaka yangu mara ya pili, tena kwenye kona yake!"

"Kaka yako yuko kule kwa padri, ana saruji yake ya kutosha," nikamjibu.

Kona anayosema iko chini ya dirisha dogo. Hapo ndipo mzee alipokaa na kigoda chake miaka yote akinunua dhahabu ya wachimbaji na kuipima kwenye mizani ndogo. Na hapo ndipo, nilikuja kujua baadaye, alipovuta ugoro wake kila nikienda kisimani. Klara aliitazama kona ile, akatikisa kichwa, akaenda kuanika dagaa.

Maduhu akasugua kwa brashi ya waya, akamwaga maji ya moto na sabuni, akakwangua tena. Nta ilitoka vipande vipande kama gaga la mguu. Vumbi jekundu akalizoa lote, akalitia kwenye mfuko mtupu wa saruji, akaubeba begani kuelekea nje.

"Simama hapo!" nikasema. "Unaupeleka wapi?"

"Kutupa, Bibi. Vumbi likibaki, praima itashika vumbi."

Kutupa! Hapa kwetu watu wanaosha marudio, yaani udongo ambao wenzao wameshauosha na kuukinai. Kuna mwanamke nimemwona anazoa vumbi la barazani kwa mnunuzi wa dhahabu. Na huyu mkwe mtarajiwa anataka kuniambia kwamba vumbi la kona aliyopimia dhahabu mume wangu linakwenda jalalani? Nikamnyang'anya mfuko.

Mimi na Klara tulishinda nyuma ya jiko na karai, tunaosha na kuzungusha, tunamwaga na kuzungusha tena, migongo imepinda kama mundu. Klara alikuwa ananong'ona Salamu Maria dhahabu ionekane. Mwisho kabisa, chini ya maji mekundu, kitu kikametameta. Tukakikodolea macho. Kilikuwa kifungo cha shati.

"Wifi," nikamwambia, "dhahabu ya kaka yako ina matundu ya uzi."

Jumamosi mchana Maduhu aliniita sebuleni. Akamwaga maji kidogo hapa, kidogo pale, na kidogo kwenye kona ya mzee.

"Tazama, Bibi. Kungekuwa na nta, maji yangesimama kama shanga. Unaona yanavyotandaa?"

Niliona. Yalitandaa kote, hata konani. Nikavua kiatu nikapitisha unyayo, kwa sababu macho yanaweza kuhongwa lakini unyayo wangu haujawahi kupokea kitu cha mtu. Sakafu ilikuwa safi. Akasema kesho Jumapili ataiacha ikauke, Jumatatu apake.

Jumapili tulikwenda misa, mimi na Blessing. Klara alisema goti linamuuma. Klara, ambaye siku mtumbwi wake ulipozama alikwenda misa ya pili na nguo zikidondoka maji! Nikadhani ni kuinamia lile karai, nikamhurumia. Huruma ni ugonjwa mbaya kwa mtu mwenye kazi ya kushuku.

Jumatatu asubuhi nikaitoa ndoo chini ya kitanda, nikafungua fundo langu, Maduhu akakoroga na kupaka kwa rola kuanzia konani kurudi mlangoni. Tulipomaliza kula mchana ilikuwa imekauka. Akavua viatu akaingia kukagua. Mimi niko mlangoni na fimbo yangu. Mlangoni, ulimi wa ng'ombe. Katikati, ulimi wa ng'ombe. Akafika kona ya mzee, akachuchumaa. Akapapasa, akapapasa tena.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Njoo uone, Bibi."

Pale konani praima ilikuwa imekimbiana. Imejikusanya visiwa visiwa, katikati sakafu iko wazi inang'aa. Maduhu akachomeka ukucha, kipande kizima kikanyanyuka kama ngozi ya uji uliopoa.

"Ahaa!" nikasema. Nakiri nilifurahi kidogo. Ukishuku sana halafu usikute kitu, unajisikia mjinga. "Umeichakachua!"

"Sijaichakachua, Bibi."

"Umetia maji!"

"Bibi," Blessing akasema nyuma yangu, "ndoo ililala chini ya kitanda chako. Fundo ni lako."

Nikaona nimefungwa na fundo langu mwenyewe. Lakini mtu mzima hakosi pa kutokea. "Basi ni Mama Riyaz. Mmekula njama!"

Maduhu alikiweka chini kile kipande. Alimtazama Blessing, halafu akaitazama kona. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshika jembe likavunjika mpini mbele ya wakwe. "Jumamosi ilikuwa safi," akasema polepole. "Bibi umeona mwenyewe. Kuna mtu amepaka mafuta hapa."

"Kila fundi akiharibu, kuna mtu," nikasema. Lakini nilikuwa nimekumbuka unyayo wangu wa Jumamosi, na moyoni kitu kikaanza kukwaruza kama ule mchanga ndani ya ndoo.

Nikachukua kile kipande cha utando, nikakitia kwenye mfuko, nikapanda bodaboda mpaka kwa Tahera. Nikakiweka mbele yake juu ya meza.

"Meno ya praima yako haya hapa. Yameng'oka."

Tahera hakukasirika. Akakigeuza upande uliokuwa umelalia sakafu, akapapasa kwa kidole, akakipeleka puani. Nyusi zikapanda.

"Mama Masalu, hebu nusa."

Nikanusa. Nikanusa tena.

"Dawa yangu ina harufu nyingi," akasema Tahera, "lakini ya zizi haina."

Ilikuwa samli. Samli ya ng'ombe, ile yenyewe ya Kishapu. Nami katika nyumba yangu yote nina samli moja tu: chupa aliyoituma mama yake Maduhu siku kijana alipokuja kujitambulisha. Iko kwenye kabati la jikoni, naitunza kwa siku ya wageni.

Nikarudi nyumbani na pikipiki ikikimbia, na mashaka yangu yakikimbia mbele ya pikipiki. Kufungua kabati, chupa imepungua. Na kidole cha mtu kimefuta shingo ya chupa vizuri, kwa adabu. Mwizi wa kula hafuti shingo ya chupa.

Maduhu? Jikoni kwangu haingii, nimemkataza. Nikamwita Blessing, nikafunga mlango.

"Mwanangu, kama humtaki huyu kijana useme. Usinipakie sakafu mafuta."

Alinitazama kama nimeota pembe. "Bibi, mimi ningekuwa simtaki ningemwambia 'sikutaki'. Nipige magoti kupaka sakafu mafuta, ya nini?" Kisha akaanza kulia, na Blessing halii. Hata alipovunjika mkono alitukana tu.

Nikamfuata Klara kwenye dagaa wake.

"Wifi, umetumia samli iliyo kabatini?"

"Samli? Mimi?" Alikuwa anageuza dagaa ambao alikuwa ameshawageuza. "Daktari amenikataza mafuta. Labda paka."

"Hatuna paka."

"Wa jirani."

"Paka wa jirani kafungua kabati, kafungua chupa, kafuta shingo?"

"Shetani hapendi ndoa, wifi. Anaweza kutumia paka." Akapiga ishara ya msalaba. "Tusali."

Nikasema Amina. Lakini mkono wake niliutazama. Ile mikono ya Nkome, iliyokaushwa na jua na chumvi ya dagaa mpaka inapasuka, leo kiganja cha kulia kilikuwa laini kama cha mtoto.

Jioni nikamwita Maduhu barazani. Alikuwa ameshafunga vyombo vyake, rola imeoshwa, brashi imeoshwa.

"Vyombo vyako viache hapo," nikamwambia. "Kesho nikimpata mwenye mkono uliopaka mafuta, waite wazee wako waje kuongea. Nisipompata, nitajua ni wewe, na tailizi zako utazibeba begani mpaka Mhunze, huko huko Kishapu kwenu."

"Na Blessing?" akauliza.

"Blessing habebeki begani, ana mdomo. Nenda ukalale."

Asubuhi tukakaa kunywa chai na michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Nikakohoa kidogo.

"Leo nimemwota mzee."

Blessing akainua uso. Klara hakuinua, lakini kikombe chake kilisimama njiani.

"Alikuwa amekaa kwenye kona yake, midomo inang'aa mafuta," nikaendelea, nikichovya kiazi taratibu. "Akashukuru, akasema samli nimeipata, wabeja. Lakini mtu anampaje mwenzake samli akamnyima ugoro? Akasema asipopata ugoro wake, hakuna kigae kitakachoshika kona ile, hata waje mafundi wa Mwanza."

Ndoto yenyewe sikuiota. Usiku ule nililala kama gogo. Lakini watu wa mwaloni wanajua: huwezi kumwambia samaki ukweli halafu utegemee aje.

"Ndoto ni mambo ya kipagani, wifi," akasema Klara, sauti imekauka.

"Ndivyo nilivyomwambia. Akanuna." Nikasimama, nikajifunga kanga. "Mimi na Blessing tunakwenda sokoni. Wifi, hebu niazime rozari yako. Barabara ile ina bodaboda za wendawazimu, nataka ulinzi."

Nilidhani atakataa. Kumbe aliivua haraka hata ikamnasa sikioni. "Chukua, chukua, mkae mpaka mmalize shughuli zenu. Msiharakishe."

Mtu asiyevua rozari akioga! Nikaivaa, nikaisokomeza ndani ya gauni.

Sokoni hatukufika. Tulimkuta Maduhu amekaa kwenye ngazi za gesti, pale ilipokuwa mihogo yangu, uso haujalala. Nikampa ishara anyamaze na atufuate. Tukangoja kidogo nyuma ya ukuta, mpaka nilipomwona Klara anatoka mbio kwenda kwa muuza tumbaku wa kibanda cha mkabala na kurudi mbio, na lile goti lake bovu likikanyaga kama la mchezaji mpira. Kisha tukazunguka nyumba, tukapita mlango wa jikoni, viatu mkononi, mimi mbele.

Mlango wa sebule ulikuwa wazi nusu. Klara amepiga magoti kwenye kona ya mzee, ametupa mgongo. Mkononi ana kikaratasi. Alikuwa anaongea, lakini sauti siyo ile ya jumuiyani. Ilikuwa sauti ndogo, ya mdogo mtu akimwomba kaka yake.

"Kaka, pokea. Ile samli nilikupa ya ndoa ya mtoto, umfungulie njia. Usidhani tunakufungia nje, ni vigae tu, bado ni kwako. Ugoro huu ni wako peke yako, wifi hajui. Achia sakafu, kaka. Huyu kijana ni mzuri."

Hayo sikuyategemea. Nikamgeukia Maduhu, nikamnong'oneza sikioni: "Wapigie simu wazee wako."

Blessing akajiziba mdomo kwa mikono yote. Maduhu akafumba macho, akashusha pumzi ambayo nadhani aliibeba tangu dukani kwa Tahera.

Halafu nikakohoa.

Klara akaruka, akageuka, ngumi imefumbwa nyuma ya mgongo.

"Ah! Wifi! Soko limefungwa?"

"Soko liko wazi. Unafanya nini hapo chini, wifi?"

"Nasali." Akanyoosha shingo, sauti ya mwenyekiti ikamrudia. "Nasali rozari. Nawaombea hawa watoto."

Kisha akapiga chafya, kubwa, dirisha likatikisika.

Nikaingiza mkono shingoni kwangu, nikaivuta taratibu, chembe kwa chembe, mpaka msalaba ukaning'inia kwenye jua la dirishani.

"Rozari ipi, wifi?"

Akautazama msalaba. Akamtazama Maduhu, akamtazama Blessing.

"Ile nyingine," akasema, na ugoro ukammwagikia magotini.